Mistari Miwili Myekundu ya Mwalimu

Hadi leo mtu akitamka neno "fomati" karibu nami, moyo wangu huruka kama mbuzi aliyeona kisu. Mimi nina bucha, kwa hiyo mruko huo naujua vizuri. Kwa asiyejua, kufomati diski ni kuifuta yote, ibaki tupu kama siku ilipotoka dukani. Na diski ninayoizungumzia haikuwa ya nyimbo za arusi wala ya sinema za ngumi. Ilikuwa diski ya Mwalimu, na ndani yake kulikuwa na kemia yote ya dunia hii na nusu ya kemia ya sayari nyingine.

Jina lake sitalitaja, na si kwa kuficha kitu. Ni kwamba hakuna aliyelitumia. Mumewe mwenyewe, alipokuwa hai, alisimama mlangoni mbele yetu akauliza, "Mwalimu, chumvi umeweka wapi?" Nadhani hata kwenye kitambulisho chake, mahali pa jina, serikali iliandika Mwalimu ikaona imetosha.

Alitufundisha jioni, sisi watu wazima wa Isiolo tuliopitwa na shule: wauza miraa, walinzi, mama wa maziwa ya ngamia, dereva mmoja wa lori la Moyale, na mimi wa bucha. Mtaani walituita gumbaru, kana kwamba tulikuwa wazee wa kujifunza a-e-i-o-u, na kumbe tulikuwa tunajiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne, ule ule wa watoto. Darasa lilikuwa banda la mabati nyuma ya nyumba yake. Mchana banda lile lingeoka mkate bila jiko. Jioni lilipoa kiasi cha mtu kulikumbuka jina lake.

Shida yetu kubwa ilikuwa kwamba hatukuwa na maabara. Kuna kituo cha runinga kilichokuwa kikirusha vipindi vya shule, lakini mchana, saa ambazo sisi wote tulikuwa kazini. Mwalimu akanunua dikoda kubwa ya dishi, ile inayoweza kurekodi, akaichomekea diski ya nje, kijisanduku cheusi chenye ukubwa wa kipande cha sabuni. Mchana dikoda ikarekodi, jioni sisi tukatazama. Mtu mwenye koti jeupe anadondosha dawa ndani ya asidi, tone kwa tone, tone kwa tone, mpaka tone moja la mwisho linageuza maji yote rangi ya waridi. Nilipita kemia kwa sababu ya mtu yule. Sijawahi kukutana naye, lakini siku nikimwona barabarani nitampa maini bure maisha yake yote.

Baadaye kituo kile kikaacha masomo, kikaweka tamthilia za watu wanaolia kwenye ngazi. Masomo yetu yakabaki mahali pamoja tu ulimwenguni, kwenye kile kipande cha sabuni.

Basi mwaka jana, mtihani ukiwa umekaribia, Mwalimu akanipigia simu bucha. Mimi nilikuwa nimeshamaliza shule zamani, lakini kwa Mwalimu hakuna anayemaliza.

"Bucha." Ndivyo alivyoniita.

"Naam, Mwalimu."

"Dikoda inaniambia hakuna kifaa. Kifaa kiko hapo. Nakiona."

"Umeizima ukaiwasha?"

"Swali hilo nilikufundisha mimi."

Nikamwambia nitafika Jumamosi. Ila kabla sijaifikia Jumamosi hiyo lazima niwaeleze Mwalimu mwenyewe ni mtu gani, maana ugonjwa wa dikoda ile haukuwa wa dikoda. Ulikuwa wa Mwalimu na sisi watu wake.

Kwanza, alikuwa akikosea ubaoni. Namaanisha alikosea kila wiki, kwa mwandiko mzuri kabisa. Anaandika saba mara nane ni hamsini na nne, anaweka chaki chini, anafuta mikono, anatutazama. Kama mtu ameinua mkono, Mwalimu anasema, "Vizuri. Nilikuwa nawapima." Kama hakuna aliyeinua, anafuta mwenyewe na kusema, "Leo mmenisikitisha," na masikitiko yale yalikaa kwenye banda mpaka Jumatano.

Sasa shida ni kwamba hatukuwahi kujua. Siku moja alichora ramani ya Kenya akaliweka Ziwa Turkana chini kabisa, jirani na Mombasa. Kulikuwa na mwenzetu mmoja aliyetoka Biliqo, mfugaji, mtu wa maneno machache. Akainua mkono polepole kama anayenyanyua debe la maji. "Mwalimu," akasema, "hiyo ziwa imehama lini?" Mwalimu akasema alikuwa anatupima. Lakini mimi nilikaa mbele, na niliona chaki imemdondoka. Nje, dereva wa Moyale aliapa kwamba nusu ya makosa yale ni ya kweli. Wengine wakasema hapana, mwanamke yule hajawahi kukosea tangu azaliwe. Tulibishana kama watu wa kampeni.

Na hapo ndipo tulipoharibika. Ukiinua mkono na kumbe wewe ndiye umekosea, unasimama mbele na kueleza mpaka miguu inaota mizizi. Kwa hiyo wengi tulikuwa tunaliona kosa, tunamtazama jirani, jirani anatutazama sisi, na kosa linakaa ubaoni likistarehe kama mgeni aliyeletewa chai.

Aliyeogopa kuinua mkono kuliko wote, sisi na waliokuja baada yetu, alikuwa Halima. Halima anauza maziwa ya ngamia sokoni, na anakaa ploti moja na Mwalimu, mlango kwa mlango. Ukimdhulumu kikombe kimoja sokoni atakufuata mpaka Kinna. Sauti yake inafika kabla yake. Lakini mbele ya Mwalimu alikuwa mdogo kama kibiriti. Aliufanya ule mtihani mwaka juzi akapita kila somo isipokuwa kemia. Chuo cha uuguzi kikamwambia arudi na kemia mkononi, nafasi itamngoja mwaka mmoja tu. Kwa hiyo alirudi kwenye banda, akakaa mstari wa nyuma, na kila jioni alimtazama yule mtu wa koti jeupe kama mtu anayetazama mlango ambao ufunguo wake uko upande wa pili.

Jambo la pili ni miwani. Mwalimu alikuwa nayo. Tuliijua, kwa sababu mfuko wa sweta yake ulivimba mahali pake na dirishani tulimwona akisahihisha madaftari akiwa ameivaa. Lakini mbele yetu, hata siku moja. Alisogeza kitabu mbali, akakisogeza mbali zaidi, mpaka mkono ukaisha. Mkono ukiisha alimpa mtu wa karibu na kusema, "Hebu soma wewe, nisikie matamshi yako." Tulisoma kwa sauti kurasa nyingi sana kwa ajili ya matamshi. Mimi nadhani nilipata Kiswahili kizuri kutokana na macho mabovu ya mtu mwingine.

Alikuwa mkali kwa chaki na mpole kwa kila kitu kingine. Kipande cha chaki alikitumia mpaka kikawa kama punje ya mchele, na ukikidondosha anakusimamisha. Lakini jirani akija kuomba jiko, atapewa jiko. Akiomba ngazi, atapewa ngazi na mtu wa kuishika. Sufuria zake zilitembea Isiolo nzima kuliko mimi. Watu walizika, waliozesha, walitahiri kwa viti vya Mwalimu, na viti vilirudi.

Vilirudi kwa sababu vilikuwa na alama. Hilo alijifunza kwetu. Alitoka Meru kuja kufundisha hapa akiwa msichana, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watoto wa wafugaji. Akawauliza mnajuaje mbuzi ni wa nani wakichanganyika kisimani. Wakamwonyesha masikio, wengine mkato mmoja, wengine miwili, wengine tundu. Mwalimu akaona hii ni akili. Akanunua chupa ya rangi ya kucha, nyekundu, yeye ambaye hajawahi kupaka kucha hata moja, akaanza kutia alama kila alichonacho: mistari miwili myekundu, myembamba, sambamba. Chini ya kila kiti kulikuwa na miwili. Sufuria, mwiko, koleo, waya za umeme, vyote vilikuwa nayo. Paka wake alikuwa nayo kwenye ukosi. Mumewe alisema analala akiwa amefunika miguu, asije akaamka na mistari miwili kwenye kisigino.

Nikisema alikuwa Mkristo nadhani nitakuwa nimepunguza. Jumapili hakuna kwaya iliyoanza bila yeye. Lakini jua likikaribia kuzama yeye ndiye aliyetuambia, "Haya, maghribi hiyo, nendeni," kabla muadhini hajakohoa. Sisi Waislamu tukitoka kuswali, waliobaki hawaruhusiwi kuendelea na somo. Walikaa wakanywa chai mpaka turudi, ili mtu asiachwe nyuma kwa sababu ya Mungu. Akikutana nasi anasema salaam aleikum, akimgeukia dereva anasema Bwana asifiwe, na hakuwahi kuchanganya, hata gizani, hata bila miwani.

Yule mtu wa Biliqo ukame ulipokuja aliwafuata ng'ombe wake akapotea miezi. Kiti chake hakikukaliwa. Mwanafunzi mpya alipokwenda kukikalia, Mwalimu akamwambia, "Hapo kuna mtu." Hapakuwa na mtu, palikuwa na kuku. Siku aliporudi, amekonda kama fimbo ya kuchungia, Mwalimu hakumuuliza ng'ombe wamebaki wangapi. Alimwambia, "Tuko ukurasa wa tisini. Keti." Yule mzee mzima alikaa akalia, kisha akafungua ukurasa wa tisini.

Sasa nifike kwenye arusi, maana ndiko kosa lilikozaliwa.

Dada yake Halima aliolewa, na ploti yote ikawa hema. Wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Wanaume wakasema hawawezi kungoja pilau bila kutazama mpira. Wanawake wakasema na wao wanataka nyimbo zao kwenye skrini. Kwa hiyo zikatolewa runinga mbili na dikoda mbili: ile kubwa ya Mwalimu ikaenda kwa wanaume, na ile ndogo ya Halima ikaenda kwa wanawake. Diski yenyewe Mwalimu aliichomoa mapema akaifungia kabatini, kwa sababu hakuwa mjinga. Dikoda zote mbili ni za kampuni moja, ndugu mkubwa na ndugu mdogo, na waya zake za umeme zinafanana kama mapacha.

Arusi ilifana. Mimi ndiye niliyeleta nyama, kwa hiyo naweza kusema bila upendeleo kwamba haijawahi kuonekana nyama kama ile tangu Isiolo iitwe Isiolo. Asubuhi yake waya zote zilikuwa kwenye beseni moja, zimejisokota kama nyoka walioamua kuishi pamoja. Mwalimu akajitokeza, akasimama mbele ya beseni kama anayerudisha madaftari. "Hii yangu. Hii yako. Hii yangu. Hii ya kanisa. Hii yako." Alitoa kila kitu bila kusita na bila miwani, na watu wakapokea wakisema asante Mwalimu. Nilikuwepo, nikikusanya sufuria zangu. Niliona Halima amepokea waya wake, akautazama, akafungua mdomo, akaufunga.

Sikufikiria kitu. Mtu akifungua mdomo na kuufunga asubuhi baada ya arusi, unadhani ni usingizi.

Wiki hiyo hiyo dikoda ya Mwalimu ikaanza vituko. Vituo vyote vilishika, picha safi, habari, mpira, tamthilia za kwenye ngazi. Lakini diski ikichomekwa, taa yake ya buluu inawaka, inazima, inawaka, na ndani unasikia tik, tik, tik, kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha. Kisha skrini inaandika kwamba hakuna kifaa.

Ploti ikajaa madaktari. Mmoja akasema ni dishi, upepo wa Agosti umelisukuma. Dishi na diski hazijuani, lakini alipanda juu ya paa na mabati yakalia. Mwingine akasema ni vumbi, akapuliza tundu la USB mpaka macho yakamtoka. Mama mmoja akasema ni jicho, watu wengi mno walikuja arusini na kuisifu ile runinga. Dereva wa Moyale akaipiga kofi, kwa sababu ndivyo anavyotibu lori.

Mwalimu mwenyewe akaifunga diski kwenye kitambaa akaipeleka kwa fundi mjini. Kijana wa watu hakuwa na ubaya. Aliichomeka kwenye kompyuta yake, na kompyuta ikasema kwamba diski hii haisomeki, je, tufomati? Dikoda, unajua, huipanga diski kwa namna yake yenyewe, na kompyuta ikiitazama inaona kama mtu anayetazama gazeti la Kichina. Fundi akasema, "Mwalimu, hii tuifomati tu, itafanya kazi vizuri."

"Na vilivyomo?"

"Hivyo vitaenda. Lakini diski itapona."

Alinisimulia baadaye kwamba kidole cha yule kijana kilikuwa tayari juu ya kitufe. Aliuweka mkono wake wote juu ya kibodi, kiganja chini, na kompyuta ikaandika herufi ya j mistari minne. "Toa," akasema. Akaifunga diski yake kwenye kitambaa akarudi nayo kwa miguu, hakupanda boda, akiogopa matuta.

Hapo ndipo aliponipigia simu.

Jumamosi nikafunga bucha mapema, jambo ambalo sijalifanya hata kwa arusi yangu mwenyewe. Alasiri ilikuwa kali. Ndani ya banda nikawakuta wamekaa, Halima na wenzake sita hivi, pamoja na dereva ambaye alikuwa amerudi kukariri hesabu. Madaftari yamefunguliwa, skrini iko tupu. Halima alikuwa ameegemeza shavu kwenye ngumi.

"Salaam aleikum."

"Wa aleikum salaam, Bucha. Umechelewa."

"Mwalimu, sijachelewa, saa yako imetangulia."

"Keti, au tengeneza."

Sikuwa fundi, na sijawahi kuwa. Nilikuja kwa sababu niliitwa. Nikafanya kila ambacho ningemfanyia ng'ombe aliyekataa kusimama. Nikabadilisha waya wa USB, nikapata tik, tik. Nikahamia tundu la nyuma, tik, tik. Nikachomeka flashi niliyokuwa nayo mfukoni, yenye mawaidha na nyimbo mbili ambazo si mawaidha, na skrini ikaisoma mara moja, majina yote, hadi yale ambayo sikutaka yasomwe.

Dereva akacheka. "Kumbe hii bucha ina disko."

"Ngoja," Mwalimu akasema. Alikuwa amesimama. "Flashi imeonekana?"

"Imeonekana."

"Flashi haina kitu kinachozunguka ndani. Diski ina sahani, na sahani inazunguka. Inazungushwa na nini?"

Tulikuwa tumesharudi darasani bila kujua.

"Umeme, Mwalimu," Halima akasema chini chini.

"Inua mkono ukisema. Umeme. Hiyo tik, tik ni sahani inajaribu kuzunguka na kushindwa. Umeme haufiki wa kutosha. Lakini siku zote ulitosha. Nani ameupunguza?"

Akatutazama mmoja mmoja, kana kwamba mmoja wetu anatembea na umeme wake mfukoni. Mimi nikapiga magoti nikaufuata waya wa dikoda nyuma ya kabati, kupitia utando wa buibui ambaye naamini alikuwa amejiandikisha kidato cha pili, mpaka kwenye soketi. Pale kulikuwa na adapta, kile kidude cheusi kinacholeta umeme kwenye dikoda. Nikakigeuza. Kilikuwa na kitu chekundu ubavuni.

Sasa mimi nimesoma masikio ya mbuzi tangu utotoni. Mbuzi akiletwa bucha ninatazama sikio kabla ya mafuta, nisije nikachinja kesi. Niliitazama ile nyekundu na nikajua hapo hapo.

"Mwalimu," nikasema kutoka chini, "huyu si mbuzi wako."

"Ana alama nyekundu."

"Nyekundu ni ya kibandiko cha kiwandani. Ile yako ni mistari miwili."

"Lete hapa."

Nikamletea. Akaisogeza mbali, akaisogeza mbali zaidi, mkono ukaisha. Kila mtu alingoja jina lake litajwe asome kwa ajili ya matamshi. Lakini Mwalimu akamtazama Halima, akaitazama ile skrini tupu, kisha akaingiza mkono mfukoni mwa sweta na kutoa miwani. Akaivaa. Mbele yetu wote, mchana kweupe. Nawaambia hata kuku aliacha kuchokora.

"Volti kumi na mbili," akasoma. "Sawa na yangu. Ampea moja. Yangu ilikuwa mbili." Akatugeukia, na yale macho yake sasa yalikuwa makubwa kama vikombe. "Mnaona? Mfereji una msukumo ule ule, lakini maji nusu. Dikoda inakunywa yote, diski inabaki na kiu. Andikeni."

Wakaandika. Walikuwa wanaandika kweli.

"Sasa," akasema, "hii ya nani?"

Mstari wa nyuma, mkono mmoja ukaanza kupanda. Ulipanda kwa shida, ukasimama usawa wa sikio, ukaendelea.

"Ni yangu, Mwalimu," Halima akasema.

"Na yangu iko wapi?"

"Iko kwangu. Ina mistari miwili."

"Uliiona lini?"

"Ile asubuhi baada ya arusi. Wakati ulikuwa unanipatia."

"Umekaa nayo tangu siku hiyo, na hukuinua mkono."

Halima alitazama meza. Kisha akasema, kwa ile sauti ya sokoni ambayo hatukuwahi kuisikia ndani ya banda lile, "Mwalimu, mimi nilijua unatupima."

Kisha dereva wa Moyale akatoa mlio kama breki za upepo, na banda zima likaanguka. Tulicheka mpaka mabati yakaitikia. Halima mwenyewe alicheka huku anakimbia, kanga yake ikiburuzika nyuma, mlango kwa mlango, akarudi na adapta ya Mwalimu mkononi, mistari miwili myekundu, myembamba, sambamba.

Nikaichomeka mimi. Taa ya buluu ikawaka. Tik. Tukaganda. Halafu ile tik haikurudi; ikaja sauti laini, kama paka anayekoroma, na taa ikakaa imewaka bila kupepesa. Skrini ikafikiri. Ikafikiri tena. Kisha majina yakaanza kushuka, moja baada ya jingine, miaka yote ya mchana wetu tuliokosa: umeme, mimea, damu, chumvi, asidi.

Mwalimu akabonyeza, na yule mtu wa koti jeupe akatokea, kijana kama tulivyomwacha, hajazeeka hata siku moja. Halima akakaa taratibu, akauweka mkono kifuani, akatoa pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishika tangu arusi. Tone kwa tone. Hakuna aliyeandika. Lilipofika lile la mwisho na maji yakawa waridi, mama mmoja akasema alhamdulillahi, na mwingine akasema amina, na Mwalimu hakuwakanya kwa kuongea darasani.

Halima aliipita ile kemia. Nalisema hapa mapema ili mtu asikose usingizi. Siku hizi anajifunza kudunga sindano, na Mungu awasaidie wagonjwa watakaomdhulumu.

Lakini Jumamosi ile bado haikuwa imeisha. Mwalimu alisimamisha picha. Alikuwa bado amevaa miwani, rimoti mkononi, na nikaona chaki haipo ya kudondoka.

"Halima."

"Naam, Mwalimu."

"Siku ile ya beseni sikuwa nawapima. Nilikosea."

Dereva alinitazama, nikamtazama. Miaka yote ya ubishi pale nje, na jibu limekuja bila mtu kuliuliza. Sasa tulijua kwamba anaweza, na jambo la ajabu ni kwamba hakuna kilichoanguka. Banda lilibaki limesimama. Mwalimu akavuta kiti, kile kile cha mtu wa Biliqo, akakaa katikati yetu akitazama mbele, kama mwanafunzi.

Nyuma yangu nikasikia nguo ikichakarika. Nikageuka. Mkono wa Halima ulikuwa juu, umenyooka wote, mpaka kwenye kwapa.

"Sema, Halima."

"Mwalimu, na hiyo rimoti umeshika pia ni yangu."